Wiki ya Arobaini na Nne

Likizo ya Luzviminda ilikuwa ya majuma mawili, na la kwanza lilikuwa limeshaishia kwenye kugawa zawadi. Sabuni, chokoleti, viatu vya watoto wa kaka yake, redio ndogo ya baba. Kila mtu pale nyumbani, mjini Lipa, alishapata chake, na yeye akabaki analizunguka sanduku tupu kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa pa kukaa. Asubuhi binti yake, Tintin, alikuwa akiamka na kwenda moja kwa moja jikoni na kuita, "Mama." Aliyeitika alikuwa Perla, mke wa kaka.

Luz mwenyewe aliitwa Mama Taipei. Hakukuwa na ubaya wowote ndani yake. Mtoto alikuwa na mama wawili na alihitaji njia ya kuwatofautisha, basi akampa mmoja jina la mji alikokuwa akitunza bibi kizee wa watu. Baba yake Tintin aliondoka mtoto akiwa hajajua kutambaa, na Luz aliondoka mwaka uliofuata, kutafuta maziwa na ada ya shule. Vyote alivipata. Kilichokosekana hakikuuzwa dukani, au ndivyo alivyodhani mpaka siku ile ya Jumamosi.

Walikuwa kwenye jumba la maduka, wote, wakitafuta hewa baridi ya bure. Msichana aliyevaa koti la buluu akawasimamisha mlangoni na kumpa Efren, kaka yake Luz, kikaratasi cha kukwangua.

"Umeshinda sufuria ya umeme ya kupikia wali, kaka."

"Mimi kinyozi, dada," Efren akamjibu. "Maisha yangu yote sijashinda hata ubishi na mke wangu. Hebu niambie ukweli, mnauza nini?"

Msichana akacheka, akasema jina lake ni Czarina, na zawadi ni yao hakika, ila waketi kidogo wasikilize. Halafu akamgeukia mzee Hermogenes, akaomba mkono wake, akauinamia na kuugusisha kwenye paji lake la uso, kama mjukuu. Mzee akambariki. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kama wataketi.

Wakapelekwa chumba chenye mazulia na meza za duara. Chakula kikaja kabla ya maneno: tambi za pansit zenye limao, mishikaki ya nguruwe, barafu tamu yenye maharage kwa watoto. Perla akamnong'oneza mumewe kwamba wakishakula hapa itakuwa vigumu kukataa. Efren akasema basi yeye atakula kwa macho tu, huku ameshashika uma.

Czarina hakuanza na bei. Alimuuliza mzee, "Baba, mara ya mwisho mmekaa pamoja ninyi wote, hamna anayekwenda kazini, ni lini?"

"Sisi tunakaa pamoja kila siku," Efren akadakia. "Nyumba yenyewe ndogo, hata ukitaka kujitenga hupati pa kusimama."

"Pamoja na dada hapa?" Czarina akamwonyesha Luz kwa kiganja.

Efren akaurudia mshikaki wake. Tintin alikuwa akiuchimba mlima wake wa barafu.

Ndipo picha zikafunguliwa. Nyumba ya mbao mlimani Tagaytay, yenye baraza inayotazama ziwa, vyumba vitatu, vitanda vya kutosha. Hainunuliwi nyumba nzima, Czarina alieleza taratibu. Inanunuliwa wiki. Kila mwaka wiki hiyo moja nyumba ni yenu, funguo ni zenu, na mkifa inarithiwa na watoto. Wiki zilizobaki ni za familia nyingine, kila moja na yake.

Luz hakuwa mjinga. Alijua kwamba anauziwa. Lakini alipoitazama ile baraza alimwona baba yake amekaa na kikombe cha kahawa, na Tintin ameegemea bega la mtu, na bega lile lilikuwa lake. Wiki moja kila mwaka ambayo hakuna jiko la Perla wala kitanda cha kuazima, ambayo ameileta yeye, na mtoto anaijua kwa jina lake. Alikuwa na akiba. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya kitu ambacho hakukijua, na sasa alihisi amekijua.

Wiki ya Krismasi ilikuwa haishikiki. Ya Pasaka vilevile, na zile za likizo ya shule ndiyo usiseme.

"Zipo wiki tulivu," Czarina akasema, akisogeza kidole kwenye jedwali. "Kama hii, ya arobaini na nne. Bei yake nusu. Barabara tupu, hakuna kelele, mlima wote wenu."

"Hiyo inaangukia mwezi gani, binti?" mzee akauliza.

"Mwisho wa Oktoba, baba, inaigusa Novemba."

Mzee aliacha kutafuna. Luz alidhani ameuma pilipili, akamsogezea maji.

"Hiyo hiyo," Luz akasema. "Nitaichukua."

Akamwangalia baba yake, kisha kaka yake. Efren alikuwa akiisoma sufuria ya wali kama gazeti. Mzee akanywa maji yote, akaweka glasi chini, akasema, "Kama wewe umependa, mwanangu, sisi sote tumependa."

Czarina hakuwaharakisha kutia sahihi. Walipewa gari kesho yake wakaione nyumba, na Jumatatu wangerudi kumaliza.

Nyumba ilikuwa nzuri kuliko picha. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka ziwani, ukifika barazani unakunjuka na kupotea. Tintin alikimbia chumba hadi chumba akigawa vitanda.

"Hiki cha Babu. Hiki cha Mjomba Efren, kwa sababu anakoroma, kiko mbali. Hiki cha Mama na watoto. Na hiki changu na..." Akasita, akatazama chini. "Na cha Mama Taipei, kama anataka."

"Anataka," Luz akasema.

Mzee alikuwa nje na mlinzi wa nyumba. Luz alimsikia akiuliza kama mtu anaruhusiwa kuwasha mishumaa pale barazani. Mlinzi akamjibu kwamba hapana, baba, nyumba ni ya mbao. "Haya, sawa," mzee akasema, na akaendelea kutazama ziwa. Luz akamwonea huruma. Akafikiri anaogopa umeme kukatika.

Jioni ile, waliporudi Lipa, jua likiwa bado kwenye madirisha, Luz alimpa binti yake nyota ya dhahabu ya kubandika. Kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa na kalenda ya duka la mabati, yenye namba za wiki pembeni.

"Tafuta arobaini na nne," akamwambia. "Bandika hapo. Hiyo ndiyo wiki yetu."

Tintin akapanda kiti, akafunua miezi hadi Novemba, nyota ikiwa bado kidoleni.

"Mama Taipei, haiingii."

"Haiingii vipi?"

"Pameshachorwa mshumaa. Nilichora tangu Januari. Hii ni wiki ya Bibi."

Luz akasogea. Tarehe mosi Novemba kulikuwa na mshumaa wa kalamu ya njano, na chini yake watu wa vijiti wamekaa duara kuzunguka kisanduku cheupe. Sikukuu ya Marehemu. Siku ambayo nchi nzima inahamia makaburini na mikeka na vyungu vya chakula, watu wanalala pale pale kando ya wapendwa wao, na milima ya watalii inabaki mitupu na ya bei nusu.

Alikuwa amesahau. Hakuweza hata kujitetea kwamba hakujua tarehe. Mama yake alizikwa yeye akiwa Taipei, mazishi aliyaona kwenye simu, Efren ameishika na picha ikikatika. Kule Taipei makaburi yanafagiliwa Aprili. Kila Aprili alisukuma kiti cha magurudumu cha yule bibi kizee hadi makaburini kwa wazee wake, akang'oa majani, akapangusa mawe, akapanga machungwa. Alikuwa fundi wa makaburi ya watu. La mama yake hajawahi kulifagia hata mara moja.

Tintin alikuwa ameshuka kitini na kurudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na donge la nta, kubwa kama nazi ndogo, lenye mistari myeupe na myekundu na ya kijani, limebonyezwa kwa vidole.

"Hii ni ya mishumaa ya Bibi. Watoto wote wanakusanya, lakini wao wanauza. Mimi siuzi. Kila mwaka naongeza. Nilitaka uione ikiwa kubwa zaidi."

Luz akalipokea. Lilikuwa zito, na lilikuwa na alama za vidole vidogo sana ndani, na vikubwa kidogo juu yake.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu wiki hii?"

"Mjomba alisema tusikuharibie. Alisema umefurahi."

Mzee alikuwa amekaa kizingitini, bakuli la wali pajani. Alikuwa amemwagia kahawa chungu juu yake, kama alivyokuwa akifanya tangu Luz hajazaliwa. Luz akaketi karibu naye na lile donge mikononi.

"Baba, ulijua pale pale mezani."

"Nilijua."

"Na ukaniacha."

"Nilifikiri labda umesahau. Halafu nikafikiri labda hujasahau, ila huwezi kupaangalia makaburini. Vyote viwili si vya kumuuliza mtu aliyerudi amechoka." Akachota kijiko, akakirudisha. "Na umekaa mbali kwa ajili yetu miaka yote hii. Mara ya kwanza unataka kitu chako mwenyewe, mimi nikuwekee kaburi mbele?"

"Ungekwenda kweli? Ukamwacha Mama peke yake siku hiyo?"

"Ningemwambia mapema. Angenuna kidogo." Tabasamu likampita. "Mama yako akinuna alikuwa anapika vizuri zaidi. Unakumbuka?"

Luz alikumbuka. Akalia bila sauti, kichwa chake kwenye bega la baba yake, na mzee akaendelea kula wali wake wa kahawa kwa mkono mmoja ili asilitikise lile bega.

Baadaye Efren akatokea, akawaona, akakohoa. "Sasa Jumatatu inakuwaje? Mimi nimekula mishikaki yao minne. Uso wangu nitauweka wapi?"

"Utauweka unapouweka siku zote," Perla akamjibu kutoka ndani. "Kwenye sahani."

Luz hakutaka kumtuma mtu. Jumatatu alikwenda mwenyewe, na ile sufuria ya wali ikiwa bado kwenye boksi lake, kwa sababu alionelea si haki kubaki nayo. Czarina alipoliona boksi akajua. Hakukasirika, alichoka tu, kama mtu aliyekuwa ameshahesabu mauzo yale kuwa yake.

"Ni bei, dada? Naweza kuongea na mkubwa."

"Si bei. Ile wiki ni ya Sikukuu ya Marehemu, na mama yangu yuko kaburini hapa Lipa. Nilisahau. Nimekaa mbali mpaka nikasahau."

Czarina akaliangalia jedwali lake muda kidogo. "Ndiyo maana hainunuliwi," akasema polepole. "Na mimi nimezoea kuitangaza kama wiki tulivu. Nyanya yangu amezikwa kwetu Bikol. Mwaka jana siku hiyo nilikuwa zamu hapa hapa." Akalisukuma boksi kurudi kwa Luz. "Chukua. Ulisikiliza, ni yako. Mpikie mzee."

Luz akamwomba jina la nyanya yake. Alisema atamwashia mshumaa, pembeni ya wa mama yake, kama akijaliwa kuwepo. Czarina akaliandika kwa herufi kubwa, akalitazama, kisha akalirudia tena chini kwa mwandiko mzuri zaidi.

Siku hiyo hiyo Luz alimpigia simu mtoto wa bibi kizee wa Taipei. Aliomba likizo ya mwakani iletwe mapema, mwanzo wa Novemba ya mwaka huu, siku chache tu, hata kama zitakatwa. Kisha yule mwanaume akauliza ni kwa ajili ya nini, na Luz akamwambia. Akajibu kwamba hawezi kuahidi, itabidi atafute wa kushika nafasi, lakini mama yake mwenyewe, yule bibi kizee, hatamsamehe asipojaribu.

Siku moja kabla ya kuondoka wakaenda makaburini, wote. Ilikuwa saa ya alasiri, na hapakuwa na mtu isipokuwa mbuzi mmoja. Luz akafagia. Mikono yake iliijua kazi ile vizuri mno, ikamaliza haraka, na akaanza upya ili idumu. Mzee akasimama pembeni, akampa maelezo kama mwenye nyumba anayempokea mpangaji.

"Turubai tunafunga hapa na pale kwenye mti. Jiko linakaa hapa, upepo haufiki. Huyu analala huku," akamwonyesha Efren, "miguu nje, harufu iwaendee majirani."

"Majirani hawajawahi kulalamika," Efren akasema.

"Perla na watoto hapa. Mimi hapa, upande wa kichwa cha mama yenu. Na hapa..." Akagusa kwa fimbo kipande cha saruji kilichobaki, kati ya kaburi na ukuta, chenye upana wa mkeka mmoja. "Hapa ni pako. Tangu mwaka wa kwanza."

Luz akapatazama. Saruji ilikuwa safi kuliko kwingine.

"Hakuna anayelala hapa?"

Mzee akakohoa, na Perla akageuka kuangalia mbuzi. Tintin ndiye aliyesema ukweli.

"Huwa tunaweka viatu."

Efren akaanza kucheka, na Luz akacheka, mpaka mzee naye akalazimika kuegemea kaburi la mkewe. Tintin hakucheka. Alikuwa amelala chali kwenye kile kipande cha saruji, amenyoosha mkono mmoja pembeni, anapima.

"Tunaenea wawili, Mama," akamwambia Luz, "ukilala ubavu. Ila viatu sijui tutaviweka wapi."