Viti vya Kuazima

Viti vyote vinne vilikuwa vya jirani, kitambaa cha meza cha bibi harusi wa chumba cha pili, na sukari ilitoka kwa fundi viatu. Mama aliyeishi kwa kufulia watu nguo aliamka mapema akapiga deki mpaka sakafu ikang'aa. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba leo atakuja mgeni kutoka ofisi ya kambi, yule anayechagua watoto wa familia zenye shida waende kupumzika wiki tatu za likizo kando ya ziwa.

Mwenye akili zake angeuliza: anayekuja kutafuta shida, unampigia deki ya nini? Lakini mama huyu alilelewa kwamba mgeni haonyeshwi chungu kitupu. Funika kombe mwanaharamu apite. Basi akafunika kombe, na binti yake humo humo.

Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mtaa mzima ulimwita Bibi. Jina lilimfaa. Alipika, alichota maji, alibeba mdogo wake mgongoni, na aliwakemea watoto wenzake kwa sauti ya mtu mwenye wajukuu. Mwalimu ndiye aliyempendekeza, akisema hajawahi kumwona mtoto huyu akikimbia bila kutumwa.

"Jana mlikula nini?" mgeni alimuuliza.

"Wali na nyama," Bibi alijibu bila kupepesa macho.

Walikuwa wamekunywa uji, tena mwepesi. Mama aliinamia kikombe kuficha tabasamu. Siri ya nyumbani haitoki nje. Alimfundisha mwenyewe, na siku ile alijivunia kazi yake.

Orodha ilipobandikwa shuleni, Bibi hakuwamo. Alikuwamo mtoto wa nyumba moja ambayo mama huyu aliifulia nguo kila wiki. Wale walijua kuficha viti kabla mgeni hajafika, Mungu awasamehe.

"Dada yangu," mwalimu alimwambia, "umeandikwa huna shida. Nenda ofisini kesho, nenda na mtoto. Mficha uchi hazai."

Njiani mama alimwambia Bibi kwamba leo waseme kweli. "Kweli yote?" mtoto aliuliza. "Yote," mama alijibu, ingawa hakuwa na mazoea nayo.

Afisa alikuwa yule yule mgeni wa juzi. Aliwasikiliza, akafungua faili, akasema wana bahati. Mtoto mmoja ameugua, nafasi moja imebaki, na gari linaondoka alasiri hii hii.

"Ila mama, nisikie. Kila tuliyemkataa huja hapa na kilio. Kwa hiyo utaratibu wetu ni kumuuliza mtoto. Akithibitisha, namwandika sasa hivi."

Mama akasema. Alisema viti ni vya jirani. Alisema tangu mumewe aondoke wanakula mara moja kwa siku, na siku nyingine yeye hujidai ameshiba kwa waajiri wake. Alisema Bibi hukosa shule siku za nguo nyingi, na kwamba mikono yake mwenyewe imeanza kukataa kazi. Mambo ambayo hakumwambia hata dada yake wa tumbo moja, aliyatoa mezani mbele ya mtu mwenye kalamu. Katikati ya maneno alianza kulia, na aibu ikamchoma kwa vile mtoto alikuwa akimtazama.

Afisa alimgeukia Bibi. "Haya mwanangu. Ni kweli anayosema mama?"

Bibi alimtazama mama yake. Kisha akakaa wima.

"Si kweli," alisema. "Tunakula vizuri. Mama anataka tu niende kuogelea."

"Bibi," mama aliita. "Sema kweli, nimekuruhusu."

"Ndiyo hiyo kweli, mama."

Afisa alifunga faili, bila ukali. Alisema mtoto amejibu neno lile lile mara mbili, na nje kuna mzazi mwingine anasubiri.

Barabarani Bibi alimfuta mama yake machozi kwa upindo wa khanga.

"Usilie tena mbele yao," alimnong'oneza. "Ukisema huna chakula, wanaandika huwezi kutulea. Ndivyo walivyochukuliwa wale pacha wa nyuma ya kisima. Mimi nilijua unanipima kama nitakutetea."

Mama alisimama. Pacha wale walichukuliwa na shangazi yao, kwa heri na amani, na angeweza kusema hivyo pale pale. Lakini nyuma yao mlango wa ofisi ulikuwa umefunguka, na mwanamke mwingine alitoka akicheka, amemshika mkono mwanawe.

"Umenitetea, mwanangu," mama akasema. "Ahsante."

Bibi akatabasamu, akachukua mfuko wa mama yake ili ambebee, wakarudi kufua.