Chai ya Ambrose Kabla ya Kisu

Kwa miezi kumi na minne Ambrose Fewer alisubiri upasuaji wa kuwekewa nyonga mpya, na wiki sita za mwisho mkewe Bride alimlisha kama bata wa Krismasi: mayai, samaki wa chumvi, supu ya njegere. Waliambiwa mzee aliyekonda huchelewa kupona. Ambrose, miaka themanini na miwili, alinenepa kilo tatu na kujigamba nazo kijiji kizima.

Asubuhi ya siku yenyewe, wodini, muuguzi Tamsin alifungua faili.

"Haya, Mjomba Ambrose, umekula nini?"

"Sijagusa kitu toka jana jioni, binti yangu. Chai tu, leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu."

"Chai ya rangi?"

Katika ghuba walikotoka, chai isiyo na maziwa ya kopo haiitwi chai, huitwa adhabu. Bride akamfinya mkono. Maana yake: nyamaza, tusije tukarudishwa nyumbani tukaanza foleni upya. Na jamani, Ambrose alitamani sana kunyamaza.

"Ilikuwa na maziwa," akasema.

"Wee mzee!" Bride akafoka. "Mdomo huo!"

"Mwache, shangazi, amefanya vyema," Tamsin akasema. "Maziwa yangempanda akiwa usingizini, yakaingia mapafuni. Chai ya rangi ni ruksa mpaka masaa mawili kabla. Maziwa ni chakula, yanataka masaa sita. Ngojeni nikaongee na daktari wa usingizi."

Walikaa roho mkononi. Tamsin alirudi akicheka.

"Una bahati. Umebadilishana na mama mmoja wa goti, wewe sasa saa saba mchana. Mpaka saa tano kunywa juisi hii ya tufaha, usijikaushe bure."

Walipobaki wawili, Ambrose akamgeukia mkewe.

"Chai umepika wewe. Hukusikia watu wa hospitali walivyosema kwenye simu?"

"Nilisikia." Bride alitazama vidole vyake. "Nilisikia vizuri sana. Lakini una miaka themanini na miwili, Am. Nikasema, kama ndiyo ya mwisho, basi isiwe chungu."

Miaka hamsini na tisa ya ndoa, na bado alipendwa kijinga namna hii! Ambrose akamvuta karibu.

"Ungeniua kwa mapenzi, mwanamke we."

"Basi usife," Bride akasema, na ndipo machozi yakamtoka.