Koti la Waya

Siku ile niliamka na furaha ya kijinga, ile ya kucheka peke yako bafuni huku umevaa soksi mbili zisizofanana. Mama wa mchumba wangu alikuwa ameniita kwake. Ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Bi Pindo kwa jinsi asivyovumilia pindo lililokwenda upande. Hakuniita kunikagua, aliniita kikazi. Alikuwa amenunua pasi mbili mpya na mtungi wa mvuke, akavutiwa waya mpya kutoka nyumba kubwa hadi chumba cha kushonea, na sasa alitaka fundi umeme amwambie kama waya huo utabeba mzigo wote kwa pamoja. Fundi umeme mwenyewe ndiye mimi.

Ngoja kwanza niwaambie habari za daftari, maana bila daftari hamtanielewa. Bi Pindo anayo mawili. La buluu ni la vipimo vya wateja. Jekundu ni la familia tu, na halifunguliwi ovyo. Mke wa shemeji yangu mtarajiwa alikaa kwenye la buluu miaka mitatu mizima baada ya harusi. Mchumba wangu alinionya nisijipe matumaini, nami nikamwambia sawa, nimesikia. Uongo mtupu. Nilitaka kuingia jekundu, tena leo leo.

Nikafika, nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho kwenye cherehani. Majoho thelathini ya kwaya yalikuwa yametundikwa ukutani yakisubiri kupigwa pasi, wenyewe wanayafuata saa kumi. Mchumba wangu, mwalimu asiyejua hata kubadilisha balbu, alikuwa sakafuni akikata nyuzi zilizoning'inia. Nikauliza waya uko wapi. Bi Pindo akaonyesha ukutani kwa kidevu, na nilimwona akijizuia kutabasamu.

Waya ulikuwa umevaa koti. Sitanii. Mita kumi na tano za koti la kitambaa cha maua, limejazwa sufi, lina bitana, lina kifungo kila baada ya shubiri. Alisema waya mtupu unaharibu sura ya chumba, na kwamba koti hilo limemchukua siku nne. Nikauma mdomo nisicheke. Mchumba wangu akajifanya anatafuta mkasi.

Nikafungua vifungo viwili, nikasoma maandishi kwenye waya. Milimita mbili na nusu. Nikachukua chaki yake, nikapiga hesabu juu ya meza ya kukatia. Waya huo ukiwa wazi ukutani, unabeba ampea ishirini na nne bila wasiwasi. Ukifunikwa kwa sufi joto lake halina pa kutokea, kwa hiyo unabaki na nusu, kumi na mbili. Pasi mbili, mtungi na cherehani vikiwaka pamoja ni ishirini. Kicheko kikanikauka.

Nikiri kosa langu. Kwa muda wa kufunga kifungo kimoja, niliwaza kusema kila kitu kiko sawa, niandikwe kwenye jekundu, halafu nije kulivua koti hilo siku nyingine kwa kisingizio. Kisha nikamtazama mwanamke yule aliyezungukwa na vitambaa pande zote, nikaona aibu.

"Mama," nikasema, "koti hili livuliwe."

Akasimamisha cherehani. Akasema aliyeuvuta waya alimwambia ishirini na nne, na yeye shule alikwenda, ishirini ni pungufu. Nikamjibu aliyeuvuta aliuona ukiwa uchi. Akasema basi mzigo ukizidi, ile swichi ya ukutani si itajikata yenyewe. Nikasema swichi inahesabu umeme tu, haijui waya umevaa nini. Sauti yangu ilikuwa imepanda kama ninapogombana na wauza vifaa, na mchumba wangu alikuwa amefumba macho.

Nikaomba nusu saa. Tukawasha kila kitu, yeye akawa anapiga pasi majoho kwa hasira, mimi nimebana kipimo changu kwenye waya pale swichini, kinasoma ishirini kamili. Nusu saa ilipotimia nikazima umeme kwenye swichi kubwa, nikamwomba aingize vidole ndani ya koti.

Aliingiza, akavitoa haraka. Miaka thelathini na pasi mkononi, joto halimdanganyi mtu kama huyo.

"Halijafika joto la kupigia hariri pasi," akasema taratibu, "lakini liko njiani."

Halafu akapiga magoti, akaanza kufungua vifungo. Nasi tukapiga magoti. Vilikuwa sabini na tano, nilivihesabu, na kufika cha ishirini yeye mwenyewe alikuwa anacheka hadi machozi, akiuliza ni mtu gani mwenye akili anayeuvalisha waya bitana. Tukauacha upoe, tukawasha tena vyote, na safari hii ukawa vuguvugu tu. Majoho yakaisha saa tisa na nusu.

Nilikuwa nakunja vifaa vyangu, nimeshakubali la buluu, aliponiambia nisimame wima. Akavua futi shingoni. Akanipima mabega, kifua, kiuno, mikono, akimtajia mwanawe namba aandike. Alisema kitambaa kizuri namna ile hakitupwi, ataunga vipande, koti litapata wa kulivaa.

Mchumba wangu akashika kalamu. "Niandike kwenye daftari lipi, mama?"

Akamtazama kama anavyotazama pindo lililokwenda upande.

"Jekundu. Na uongeze inchi moja kila upande, huyu akianza kubisha anahitaji pumzi."

Nikacheka mpaka futi ikateleza, ikabidi anipime upya.