Nafasi Ipo

"Usipumue!" alisema Shangazi, pini kazibana midomoni. "Ukipumua nitakuchoma, utalia, halafu utanichafulia kitambaa."

Digrii akazuia pumzi. Alikuwa amesimama juu ya stuli katikati ya baraza la ushonaji, mikono kaitanua kama shati lililoanikwa, koti jipya likiwa limemshika mwilini kwa pini na nyuzi za bandi, zile za kushikiza tu. Angejisogeza hata kidogo, kitu fulani mahali fulani kingemdunga. Wenzake walipoona hawezi kukimbia, wakaona hapo hapo ndipo pa kumkamatia.

"Mtazameni bosi," akaanza Kifungo. Huyu alikuwa fundi wa matundu ya vifungo, lakini mdomo wake mwenyewe haukuwa na kifungo hata kimoja. "Jumatatu anaingia ofisini. Jumanne tukimpigia simu: 'Samahani, niko kwenye kikao.' Jumatano tukimpigia: 'Nani mwenzangu?'"

Mama Pasi, ambaye alikuwa mlangoni akinyoosha suruali za watu, alicheka mpaka akaisimamisha pasi yake. "Mwache mtoto wa watu! Bosi, mimi ombi langu ni moja tu. Uniajiri niwe nakupigia pasi mafaili."

"Mafaili hayapigwi pasi, Mama Pasi."

"Ndiyo maana yamejikunja huko maofisini, hayaendi."

"Tena hiyo digrii yenyewe," Kifungo akadakia, "rasilimali watu. Nimekaa nikaifikiria usiku kucha. Haya, watu ni sisi hapa. Rasilimali iko wapi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Hata Shangazi alicheka, kwa pembe ya mdomo, asije akameza pini. Digrii naye akacheka, kidogo tu. Jina hilo walimpa siku alipokuja barazani na joho la mahafali, na tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa halikusikika tena pale ila Shangazi akikasirika.

Kazi yenyewe haikuwepo. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma Digrii kuliko pini zote za Shangazi. Haikuwepo hata ya dawa.

Tangu amalize chuo, ni ofisi gani hakuifikia? Kila mlango jibu lile lile: tunataka mwenye uzoefu. Uzoefu unapatikana kazini, na kazini huingii bila uzoefu. Sasa mtu afanyeje, jamani, azaliwe nao? Siku moja, kwenye jengo fulani la maofisi, alikataliwa ghorofa ya juu, akakataliwa na ya chini yake, akatokea mlango wa nyuma ili watu wa mapokezi wasimwone analia. Huko uani, chini ya ngazi za nje, aliona mahali patupu, pakavu, penye mwanga wa kutosha. Akapatazama. Pale palitosha cherehani moja na stuli moja.

Kushona alikujua. Alikunja mapindo ya watu tangu miguu yake haijafika chini akikaa kwenye kiti. Watu wa maofisi zipu zao hukatika kama za wengine, na vifungo vyao huanguka kama vya wengine. Akamtafuta msimamizi wa jengo, akamwomba ile nafasi. Msimamizi alikuwa mtu mwema. Alichukua namba yake, akampa na ya kwake, akasema atamuuliza mwenye jengo.

Digrii hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Shangazi alimlea tangu kaka yake, baba wa Digrii, alipofariki, na kila daftari, kila kiatu cha shule, kila karo ilitoka chini ya sindano ile ile. Siku moja tu Digrii aliwahi kusema kwa utani kwamba labda angekaa naye kwenye cherehani mpaka mambo yanyooke. Shangazi aliacha kukanyaga pedali. "Nimekaa hapa mpaka mgongo ukapinda," alisema, "ili wewe usikae hapa. Kaa popote duniani. Kwenye cherehani, nikiwa hai, hukai." Kisha akaendelea kushona, na ule mshono wa siku hiyo ilibidi aje aufumue.

Basi Ijumaa simu ikapigwa. Digrii alikuwa ameiacha barazani ikichaji, yeye kaenda dukani kununua uzi. Shangazi akapokea.

"Mwambie nafasi yake ipo," ilisema sauti ya mwanamume. "Aje Jumatatu asubuhi, pale pale jengo la ofisi."

Sasa alaumiwe nani? Nafasi ya kazi ni nafasi. Nafasi ya kuweka cherehani ni nafasi. Yule msimamizi hakuwa na sababu ya kueleza zaidi, na Shangazi hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Alichokuwa akikiomba kila alfajiri kwa Mungu wake kilikuwa na jina moja, na jina hilo alikuwa amelisikia kwa masikio yake. Digrii aliporudi na uzi alikuta vigelegele. Mama Pasi alikuwa akirukaruka, Kifungo kampanda mtu mgongoni, na Shangazi kasimama katikati yao, machozi yanamtiririka, wala hayafuti. Digrii alitazama namba kwenye simu. Akaijua. Akafungua mdomo aseme, Shangazi akamvuta kifuani, na mdomo ukaishia kwenye bega la Shangazi.

Nitamwambia jioni, alijisemea. Jioni Shangazi alifungua sanduku, akatoa kitambaa cha rangi ya jivu alichojiwekea miaka mingi, kile ambacho hata kukikunjua alikuwa hataki kisije kikashika vumbi. Nitamwambia asubuhi. Asubuhi alipoamka alikikuta mezani kimechorwa chaki na kukatwa: mgongo huku, mikono huku, sketi huku. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Hakuna fundi aliyewahi kukirudisha.

"Geuka," Shangazi alimwamuru sasa. "Polepole. Unageuka kama mlango?"

Digrii akageuka. "Shangazi, ile nafasi..."

"Imefanyaje?"

"Si kubwa hivyo mnavyofikiria."

"Nani aliyeanza na kubwa?" Shangazi alisema, akichomeka pini kiunoni. "Mimi nilianza na kuokota vifungo sakafuni."

"Hata ofisi hasa siyo. Ni chini, Shangazi. Ni chini ya ngazi."

Digrii akafumba macho. Ameshasema. Liwalo na liwe.

"Umesikia maneno hayo?" Mama Pasi akamgeukia Kifungo, sauti imejaa sifa. "Umesikia msomi anavyosema? Chini ya ngazi! Wengine wangejigamba hapa, eti mimi mkurugenzi. Huyu anajua mpanda ngazi huanzia chini."

"Unyenyekevu huo, bosi, usije ukauacha huko," alisema Kifungo, na safari hii hakuwa anatania.

"Sisemi mafumbo," Digrii akasema. "Nasema ngazi. Ngazi zenyewe."

"Ndiyo, mwanangu. Utazipanda." Shangazi alitoa pini ya mwisho mdomoni, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama kutoka kola mpaka pindo. Uso wake ulikuwa umefunguka vile Digrii hakuwahi kuuona, si siku ya matokeo, si siku ya joho. "Moja moja. Mimi nitakuwa nakutazama."

Ukweli Digrii alishautoa mdomoni, wakaupokea, wakaushangilia. Afanye nini zaidi ya hapo? Alishushwa kwenye stuli, akavuliwa koti taratibu kama mtoto, na Shangazi akaketi kulishona kwa mashine, pedali ikienda bila kupumzika mpaka giza likaingia.

Jumatatu asubuhi Shangazi alifanya jambo ambalo hakulifanya hata siku za homa: alifunga baraza. "Tunakusindikiza," alisema. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri na kubeba mfuko mkubwa kwapani. Mama Pasi alikuwepo. Kifungo alikuwepo, kachana nywele.

"Nitachelewa nikiongozana nanyi," Digrii akajaribu.

"Ndiyo maana tumedamka," alisema Shangazi.

Njia nzima walimtania. Kifungo alitembea mbele akiwatawanya watu: "Pisheni, pisheni, rasilimali inapita!" Hata kwa mbali suti ilikuwa kitu cha kutazamwa. Kila mshono umekaa, bitana haivuti, mabega yamesimama yenyewe. Watu waligeuka, na kila walipogeuka Shangazi alinyoosha mgongo wake, nao ulikubali kunyooka kidogo. Digrii alipanga mpango. Ataingia mlango wa mbele, atafuata korido, atatokea uani, atamwona msimamizi. Wao watakuwa wameshaondoka. Mengine atayajua baadaye.

Walipofika mbele ya jengo, simu ikalia.

"Dada, uko wapi?" Ni msimamizi. "Kuna mama mwingine kaja na cherehani yake, yuko hapa uani anaulizia hii nafasi. Nimemwambia ina mtu."

"Nimefika," Digrii akanong'ona. "Niko mlangoni."

"Basi zunguka nyuma upesi. Huyu kaja na mzigo, siwezi kumsimamisha."

"Bosi wake huyo!" Kifungo akawatangazia wapita njia. "Kazi haijaanza, keshatafutwa!"

"Nenda, mwanangu, usimweke mtu," alisema Shangazi. Akamfuta vumbi begani lisilokuwepo. "Nenda."

"Nanyi rudini basi. Kuna nguo za watu."

"Nguo za watu hazina miguu. Nataka nikuone unaingia."

Akaingia. Mlinzi wa mlangoni aliiona suti, akainuka kwenye kiti. "Karibu, mama." Korido la kwenda uani lilikuwa mkono wa kushoto, na ubavu wake wote ulikuwa kioo. Digrii aligeuza shingo. Wote watatu walikuwa wamesogea, nyuso zimekaribia kugusa kioo, viganja wamevizungushia machoni ili waone vizuri ndani. Kifungo alimwonyesha kidole gumba, kisha akanyoosha kidole kuelekea juu. Juu! Panda!

Angepita vipi mbele ya macho yale kwenda uani? Mbele yake kulikuwa na ngazi za ndani tu. Akapanda.

Alipanda mpaka pale ngazi zinapokata kona, mahali ambapo hakuonekana tena, akasimama kuvuta pumzi. Palikuwa na madirisha mawili, moja la kutazama uani, moja la kutazama barabarani. Akaenda kwanza la uani. Huko chini mama mmoja mnene, kajifunga nguo kiunoni, alikuwa akisaidiana na mchukuzi kushusha cherehani kwenye mkokoteni. Msimamizi alikuwa kando yao, simu sikioni, anatazama huku na huku. Mkobani mwa Digrii simu ikaanza kulia.

Akakimbilia dirisha la barabarani. Nendeni, alisema kwa sauti, peke yake. Nendeni, jamani, nawaomba.

Hawakwenda. Mama Pasi alikuwa akimsimulia mlinzi jambo kwa mikono yote miwili, na mlinzi alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kifungo alikuwa akihesabu madirisha kwa kidole, akitafuta lake. Na Shangazi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa mbele, mfuko kaufungua mapajani. Alitoa suruali ya mteja. Akatoa sindano, akainyanyua kwenye mwanga, akatunga uzi, akaanza kukunja pindo. Alikuja amejiandaa kukaa mpaka jioni, mwanawe atakapotoka kazini, warudi wote.

Digrii alijiambia: shuka. Shuka sasa hivi, mpigie magoti mwambie. Hatakuua. Kisha akaiona mikono ile inavyokwenda, bila haraka, mikono ya mtu ambaye hadaiwi tena chochote na dunia, na miguu ikamgomea. Akajiambia basi panda, ubishe mlango wowote, uwaambie nipeni hata kufagia. Huko nako alishafika. Huko walishamkataa.

Simu ililia mpaka ikanyamaza. Uani msimamizi aliitia mfukoni, akamwashiria yule mama aingize cherehani chini ya ngazi.

Mfanya usafi alikuwa akishuka na ndoo yake, ngazi baada ya ngazi, akipangusa. Alipofika kwenye kona akamkuta mtu amesimama katikati, ndani ya suti nzuri kabisa, uso umelowa. Akasita. Watu wa suti si wa kuuliziwa habari zao.

"Samahani, bosi," alisema kwa adabu. "Unapanda au unashuka? Nataka kupiga deki hapo."

Digrii alifungua mdomo. Mfanya usafi alingoja kidogo, halafu akangoja tena. Mwishowe alichovya tambara kwenye ndoo, akalikamua, akainama, akaanza kupiga deki kuizunguka miguu yake.