Mji wa Kumpa Zengo

Meli ya Zengo iliitwa Nzagamba, yaani fahali kwa Kisukuma, na haikuwahi kugusa maji. Ilikuwa meli ya angani, ya ndani ya kompyuta. Zengo aliiendesha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha intaneti cha dada yake Debora, jirani na stendi ya Bariadi. Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamemiminika, kila mmoja na mzani wake, na pamba ya baba yao ilipopata bei, ndugu hao wawili wakanunua kompyuta kuukuu na dishi la kuweka juu ya bati.

Mchezo wenyewe uliwakutanisha watu wa nchi nyingi kwa wakati mmoja. Wengi walichimba madini kwenye nyota na kuyapeleka sokoni. Zengo hakuchimba. Zengo alikuwa jambazi. Alijibanza kwenye upenyo mmoja mwembamba, ambao wachezaji wa Bariadi waliupa jina Daraja la Duma, kwa jina la mto wa kwao, na meli yenye mzigo ikija aliizibia njia, akaandika neno moja: Kitendawili.

Ukijibu "Tega," anakutegea. Ukikitegua, unapita na mzigo wako wote. Ukishindwa, anadai mji, kama walivyofanya nyumbani walipokuwa watoto. Unamtajia mji wowote, Mwanza au Tabora, naye anakusimulia jinsi alivyofika huko, wakamkaribisha, akala, akashiba, na huku anasimulia anapakua nusu ya shehena yako. Akimaliza anakupa jibu, anakupisha.

Watu walimtukana sana. Ngusa, kijana wa wachuuzi wa samaki wa Lamadi, aliporwa mpaka akatafuta walinzi wa kumsindikiza, akapeleleza njia za kuzunguka, akawa anakuja asubuhi na vitendawili alivyoulizia kwa shangazi zake. Siku moja yeye na wenzake walimtaka Debora amkataze mdogo wake. Zengo akacheka tu.

"Niondoeni," alisema. "Mtabaki wapagazi."

Kisha ikaja jioni ile ambayo Debora mwenyewe alipita Daraja la Duma na mzigo. Nzagamba ikamzibia. Kitendawili kilikuwa hiki: Anakaa njiani, haendi wala harudi, akiondoka, njia inakufa. Debora akajibu daraja. Sio. Akajibu kivuko. Sio. Zengo akaandika, nipe mji, na hapo hapo umeme ukakatika. Chumba kizima kikaguna. Zengo akamgeukia dada yake pale kwenye giza.

"Usidhani umepona, dada. Mji wangu nautaka."

"Utaupata kesho," Debora akamjibu, akaenda kutafuta mshumaa.

Kesho yake Zengo alipanda lori la pamba kwenda Maswa kufuata kifaa cha dishi. Lori likapinduka kwenye kona. Wakamrudisha amefunikwa turubai, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele.

Baada ya msiba Debora alifungua chumba, na Daraja la Duma likawa wazi. Meli zilipita zikienda, zikapita zikirudi. Hakuna aliyehitaji mlinzi, hakuna aliyepeleleza njia, hakuna aliyepiga kelele. Ngusa alipakia, akapakua, akapiga miayo. Wenzake wakaanza kupungua mmoja mmoja. Mchana ulisikia feni tu na wapiga debe wa stendi.

Ndipo siku moja, jua likiwa utosini, Ngusa akarusha kiti nyuma na kutoka mbio, kandambili moja ikabaki chini ya meza. Debora akainama kwenye kompyuta yake. Nzagamba ilikuwa imekaa katikati ya upenyo, imezimwa taa zote. Chini palikuwa na neno moja: Kitendawili.

Debora akageuka kutazama kompyuta ya Zengo. Ilikuwa imefunikwa kitambaa kama alivyoifunika yeye, waya wake umezungushwa juu. Neno la siri la meli ile walilijua wawili tu, na mmoja alikuwa amelala makaburini.

Iliendelea hivyo. Meli haikumwibia mtu. Ilisimama tu, ikauliza, na hakuna aliyethubutu kujibu. Ngusa alirudi kuchukua kandambili yake, akasimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba wameongea na wenzake. Debora aingie kwa lile neno la siri aifute meli, la sivyo chumba hiki hawakanyagi tena.

Debora alikaa na maneno hayo kifuani. Nguo za Zengo zilikwishagawanywa. Picha nzuri hakuwahi kupigwa. Kilichobaki duniani chenye vituko vyake ni meli ile. Aliifunua kompyuta, akaweka vidole kwenye vitufe, akakumbuka jiko la bibi yao. Bibi hakuruhusu mtu alale na kitendawili kilicho wazi. Walisinzia huku wanataja miji, maana alisema mtegaji asiyepewa mji wake ataamka kukutafuta.

Aliviondoa vidole. Akamwita Ngusa ndani, akaketi kwenye kompyuta yake Ngusa, akaipeleka meli ya mzigo moja kwa moja mpaka Daraja la Duma.

Kitendawili.

"Dada, acha," Ngusa alinong'ona.

Debora akaandika: Tega.

Maneno yakaja polepole. Anakaa njiani, haendi wala harudi. Akiondoka, njia inakufa.

Nimeshindwa, aliandika Debora.

Nipe mji.

Jioni ile ya umeme alikuwa amepanga kumpa Mwanza. Sasa machozi yalimziba macho, akatafuta herufi kwa kupapasa. Nakupa Bariadi.

Feni ilizunguka. Halafu yakaja:

Bariadi nilifika. Nikalala kwa dada, nikala ugali na samaki furu, nikawasumbua matajiri wa angani mpaka wakajifunza kuamka mapema. Sikuaga. Sasa nimeaga. Jibu ni jambazi.

Nzagamba ikasogea pembeni taratibu, kama ng'ombe anayempisha mtu zizini. Mzigo haikuugusa.

Ngusa alikuwa ameshika ukuta. Alimwambia Debora amekwisha kumpa Zengo mji wake, basi sasa aifute, marehemu apumzike.

"Yeye amepumzika," alisema Debora. "Njia ndiyo inayokufa. Kaa kwenye meli yako, Ngusa. Upite."

Akahamia kwenye kiti cha plastiki. Akaunganisha waya, akaingiza neno la siri. Mlango ulifunguka bila kukataa, na ndani ya Nzagamba hapakuwa na mtu. Akaziwasha taa zake. Kwa mbali akaiona meli ya Ngusa inakuja, inayumba kidogo, na nyuma ya kiti chake akamsikia Ngusa mwenyewe anavuta pumzi, nusu anacheka, nusu anaogopa.

"Tega, dada," alisema Ngusa.

Debora alikuwa hajaandika kitu. Alitazama chini kwenye kioo. Kitendawili, limeandikwa pale, linangoja.

Akavuta kiti, akaanza kutega.