Wimbo Uliosomwa Midomoni

Katika kiwanda kile cha nguo, mashine za kufuma zilipiga kelele kiasi kwamba ungeweza kumtukana nyapara mbele ya pua yake, naye akakuitikia kwa tabasamu. Wafumaji walizoea kuzungumza kwa midomo tu, bila sauti. Hata wimbo wa chama chao ulitungwa hivyo hivyo na dada mmoja akiwa kwenye mashine yake: *Uzi twaufuma sisi, kiwanda cha nani?* Wenzake waliusoma midomoni mwake, wakaujua wote. Mahadhi yake hakuna aliyewahi kuyasikia.

Dada yule alianguka kazini, akafa palepale, na mashine hazikuzimwa. Ndipo watu wakagoma. Siku ya kwanza langoni walijaribu kuuimba wimbo wake, jamani, aibu gani ile! Kila mtu alikuwa na mahadhi yake kichwani. Wakawa kama kuku walioingiliwa na kicheche, na walinzi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo waligoma kimya, na kimya kile kikaanza kuwavunja moyo.

Macho yote yalikuwa kwa mdogo wa marehemu, mfumaji naye. Akirudi yeye, nani angebaki nje? Nyapara, mjanja yule, alilijua hilo. Asubuhi moja akamwita kando.

"Mama yako anakula nini siku hizi?" alimuuliza kwa upole wa kuudhi. "Njoo uchukue mashine ya dada yako. Leo hii."

Maneno yalimchoma. Mama mzee alikuwa pale langoni, tumbo tupu, hata kusimama hawezi. Binti akamfuata nyapara ndani, nusu ya moyo imeshakubali.

Mashine zote ukumbini zilikuwa zimezimwa. Hakuwahi kuuona ukumbi ule kimya hivyo. Vumbi la pamba lilielea bila upepo. Aliweka mkono juu ya mashine ya dada yake, akakuta chuma kina joto, kama kiti cha mtu aliyeinuka sasa hivi.

Ndipo akasikia. Sauti ya kike, ya chini, iliyochoka: *Uzi twaufuma sisi...* Safari hii maneno yalikuwa na mahadhi.

"Unasikia?" alinong'ona.

"Nisikie nini?" Nyapara alikuwa akitokwa jasho, na funguo zilikuwa zikilia mkononi mwake.

Binti aliogopa. Lakini hakukimbia. Alikuwa amemkumbuka mno dada yake, basi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, akatoka.

Langoni alifungua mdomo, akaimba. Wenzake wakapokea kwa pamoja bila kufundishwa, na hakuna aliyekosea. Walinzi hawakucheka.

Mama mzee, ambaye hakuwahi kukanyaga ndani ya kiwanda kile, alimshika binti mkono. "Mahadhi hayo kakufundisha nani?"

"Kwani vipi, mama?"

"Ndiyo niliyombembelezea dada yako alipokuwa mchanga. Yeye peke yake. Wewe ulinikuta nimeshachoka na maisha, mwanangu, sikukuimbia." Akamvuta karibu. "Umemwona wapi?"

"Yuko ndani, mama. Kwenye mashine yake. Bado hajatoka kazini."

Mama aliyatazama madirisha ya kiwanda. Kisha akajikongoja, akasimama, akawageukia wafumaji.

"Imbeni," akasema. "Na asinyamaze mtu mpaka wamwachie mwanangu atoke."