Mgeni wa Wodi ya Tano

Darasani, kwenye chuo cha uuguzi, walimwita Kwa Nini, maana mkufunzi hakuwahi kumaliza somo kabla yeye hajanyoosha mkono. Kwa nini moyo ukichoka miguu inavimba? Kwa nini huyu aongezwe maji na yule anyimwe? Wenzake walikuwa wakimcheka chini chini, lakini wiki ya mtihani ikifika wote walihamia kitandani kwake bwenini, naye akawachorea moyo na mapafu nyuma ya karatasi za kalenda. Nyumbani mama yake, fundi cherehani, aliwaambia wateja kwamba mwanawe akimaliza tu mwaka wa tatu, kazi inamngoja. Nani alimwambia hivyo, hakuna aliyejua.

Mwaka huo wa tatu alipangiwa mafunzo ya vitendo wodi ya tano, ya wanawake. Vitanda vilikuwa ishirini na wagonjwa thelathini na kitu, wengine wakilala wawili wawili, kichwa huku, miguu kule. Sista mkuu alishinda vikaoni. Aliyemshika mkono na kumfundisha kazi ni dada mmoja mwembamba, mwepesi wa vidole, ambaye angeweza kupata mshipa hata kwa mgonjwa aliyebaki mifupa mitupu. Wodi nzima ilimwita Mgeni.

"Dada, kwa nini wanakuita hivyo?" aliuliza siku ya pili, wakikunja mashuka.

"Nilipokuja kujitolea, sista mkuu aliwaambia wamkaribishe mgeni. Huu ni mwaka wa nne. Naona bado wananikaribisha."

Alisema hivyo akicheka, na Kwa Nini naye akacheka. Baadaye ndipo alipojua kwamba Mgeni aliongoza darasa lake chuoni, ana cheti, ana leseni, na kila nafasi za ajira zilipotangazwa aliomba. Jina halikutoka hata mara moja. Zamu alipangiwa kama wengine, tena zile mbaya, ila jina lake liliandikwa chini kabisa ya orodha kwa kalamu ya risasi.

Kitanda cha tisa kilikuwa na bibi mmoja mwenye moyo uliochoka, mcheshi, aliyependa kumwita Kwa Nini mke mwenza. Aliwekewa dripu ya dawa iliyotakiwa kudondoka polepole tangu asubuhi hadi jioni. Siku moja, kama saa tano hivi, Kwa Nini aliona dripu imesimama. Akafungua hadi mwisho kigurudumu cha kwenye mpira, kile cha kupunguza kasi ya dawa, ili kuzibua, na dawa ikaanza kushuka mbio. Kabla hajakirudisha, akaitwa mlangoni: mgonjwa mpya alikuwa ameanguka, anatetemeka mwili mzima. Akakimbia kusaidia kumshika.

Aliporudi chupa ilikuwa tupu. Bibi alikuwa ameinamia magoti, anavuta pumzi kama mtu anayezama, mapovu ya rangi ya waridi mdomoni.

Mgeni alifika kabla hajaitwa. Alimkalisha bibi wima, akamwekea oksijeni, akamtuma Kwa Nini kumwita daktari, na sindano ya kutoa maji mwilini ilichomwa upesi. Jioni bibi alikuwa anaweza kusema neno mojamoja. Kesho yake mchana akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Wiki ile Kwa Nini na Mgeni waliitwa ofisini. Daktari alikuwepo, sista mkuu, na mkufunzi kutoka chuoni. Faili lilikuwa wazi mezani.

"Nani aligusa dripu ya kitanda cha tisa?" sista mkuu aliuliza.

Kwa Nini alijua jibu. Alikuwa amelipanga kichwani tangu usiku, alipomweleza Mgeni yote. Alikazia macho lile faili.

"Mimi," Mgeni alisema. "Nilifungua kuzibua, nikaitwa mlangoni, nikasahau."

Mkufunzi alimtazama Kwa Nini kitambo, kisha akatazama dirishani. Hakuuliza zaidi. Mgeni hakuwa na mkataba, kwa hiyo hakukuwa na cha kuvunja. Aliambiwa tu asije kesho. Alichukua chupa yake ya maji na kandambili zake chini ya meza ya dawa, akapita katikati ya vitanda akiwaaga wagonjwa kwa majina, akaondoka.

Kwa Nini alikuwa bado amesimama kwenye korido, binti wa marehemu alipokuja kuchukua cheti cha kifo. Alimkumbatia. "Mama alikupenda sana, mdogo wangu. Asante kwa kumtunza." Kwa Nini akaitikia asante.

Alifaulu mtihani wa mwisho, tena vizuri. Akaapishwa pamoja na wenzake, wameshika mishumaa, mama yake akilia mstari wa mbele. Kisha akakaa nyumbani. Aliomba kazi hospitali kubwa na zahanati ndogo, akaomba hata duka la dawa, wakamwambia wanataka mwenye uzoefu. Mwezi wa kumi sista mkuu alimpigia simu. Kulikuwa na nafasi moja ya kujitolea, wodi ileile. Akitaka, aje Jumatatu.

Kabla ya Jumatatu alimtafuta Mgeni. Alimkuta kwenye duka la mapazia, juu ya ngazi, akimtundikia mteja kitambaa. Alimsubiri hadi mteja alipoondoka.

"Dada, nimekuja kukuomba msamaha. Nilipaswa kusema."

Mgeni alishuka, akakaa kwenye ngazi ya chini. "Ungesema wangetufukuza wote wawili, maana ulikuwa chini yangu. Ingesaidia nini?"

"Ulijitoa kwa ajili yangu."

"Usinipambe, mdogo wangu. Nilikuwa nimechoka. Kila asubuhi nilijiambia leo naacha, na kila asubuhi nikavaa nikaenda. Nilihitaji mtu aniambie nisije tena." Alipangusa vumbi kwenye magoti. "Yule bibi ndiye sijui tumwombe vipi msamaha."

Kwa Nini akamwambia kuhusu ile simu.

"Utaenda?"

"Sijui nifanye nini kingine."

"Basi utaenda," Mgeni alisema. Hakuna lawama iliyokuwa katika sauti yake, wala faraja. Mteja mwingine aliingia akiuliza mapazia ya dirisha la jikoni, naye akainuka.

Jioni mama alimuuliza kama kuna habari.

"Nimepata, mama. Wodi ya tano."

Mama alifunika cherehani kazi ikiwa nusu, akajitanda khanga na kutoka kwenda kumweleza shangazi mtu, nyumba ya tatu. Kwa Nini alisikia kigelegele, kisha sauti za majirani wakiuliza kuna nini. Neno kujitolea hakuwa amelitaja, na sasa hakuona pa kuliingiza. Aliweka sufuria jikoni, akakaa kwenye kigoda akisubiri maji yachemke, huku uani watu wakimwita aje apongezwe. Aliitika kwamba anakuja. Hakuinuka.